Jina lililo kwenye fomu

Hapa Texas kiwambo cha sauti kinauzwa dukani mchana kweupe, kwenye kabati la kioo, pembeni ya darubini za bunduki na maboksi ya risasi. Mimi ni mmoja wa wanaokiuza. Kaunta yangu iko nje kidogo ya Fort Worth, na kwa kuwa naongea Kiswahili, Wakenya, Watanzania na Wakongo wa Kivu wanaoingia dukani huelekezwa kwangu. Wengi huwinda nguruwe mwitu, ambao wamezagaa kwenye mashamba ya jimbo hili na kufukua mazao usiku kucha. Swali lao la kwanza huwa lilelile: "Kaka, hii si ya majambazi?"

Nawaelewa. Tumekulia kwenye riwaya za kipelelezi na sinema ambamo muuaji anafunga kiwambo kwenye bastola, anafyatua, na jirani hashtuki. Mambo hayako hivyo. Mlio wa bunduki hufika desibeli 140 hadi zaidi ya 170, na kuanzia 140 mlio mmoja tu unaweza kuliharibu sikio moja kwa moja. Kiwambo hupunguza kama desibeli 20 hadi 35. Ndani ya lile bomba kuna vyumba vilivyotengwa kwa sahani zenye tundu katikati. Risasi inapita katikati. Gesi ya moto iliyoisukuma inanaswa vyumbani, inatanuka, inapoa, kisha inatoka kwa nguvu ndogo. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti bado itapasua hewa kwa mlio wake, na huo hakuna bomba linalouzuia. Kila ninayemuuzia namwambia aendelee kuvaa vifunika masikio.

Aliyekifanya kifaa hiki kijulikane ni Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1909. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya Maxim, ambayo mvumbuzi Henry Morton Stanley aliibeba alipoingia Kongo mwaka 1887 katika msafara ulioishia Bagamoyo, na ambayo wakoloni waliitumia kuwafyeka babu zetu kusini na mashariki mwa Afrika. Uzeeni mzee huyo alikuwa hasikii.

Sheria inayotuhusu ilipitishwa mwaka 1934, wakati Marekani ikihangaishwa na magenge yenye bunduki za rashasha. Viwambo vikawekwa kapu moja na rashasha hizo: kila kimoja kiandikishwe serikali kuu, na kila kinapobadili mikono ilipwe kodi ya dola 200. Wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi mno, mara kadhaa ya bei ya kiwambo chenyewe. Kiwango hicho hakikuguswa kwa zaidi ya miaka 90. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ndiyo iliyokishusha hadi sifuri kwa viwambo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026.

Tangu hapo watu wanakuja wakidhani kila kitu kimefunguliwa. Hapana. Kodi imeondoka, uandikishaji umebaki, na uandikishaji ndio wenye meno. Kukutwa na kiwambo kisichoandikishwa kwa jina lako kunaweza kukufunga hadi miaka 10 katika jela ya serikali kuu.

Kwa hiyo unachagua kiwambo chako, unalipa, halafu unakiacha dukani. Duka lenyewe lazima liwe na leseni ya silaha na liwe limelipa ada maalumu ya kuuza vitu vya aina hii. Kuanzia hapo kinachosafiri ni Fomu ya 4, ambayo siku hizi hutumwa kwa mtandao kwenda idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, tunayoiita ATF. Ina jina lako, anwani, uraia wako, na namba iliyochongwa kwenye bomba. Inakwenda na picha kama ya pasipoti na alama za vidole, na nakala inapelekwa kwa mkuu wa polisi au sherifu wa unakoishi. Yeye anaarifiwa tu. Tangu 2016 saini yake haihitajiki. Uwe umefikisha miaka 21. Zamani majibu yalichukua miezi, hata mwaka. Kwa njia ya mtandao siku hizi fomu nyingine hurudi baada ya siku chache. Idhini ikija, unarudi dukani, unajaza fomu nyingine ya kuchukua silaha, na unaondoka na mzigo wako.

Alama za vidole ndizo zinazotupa kazi. Wengi wa wateja wangu wanaoongea Kiswahili wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama na maghala. Baridi, dawa za kusafishia na visu vimelainisha ncha za vidole mpaka mistari imekaribia kufutika. Wino ukiwa mwingi unapata doa, ukiwa mdogo hupati kitu. Nawaambia wanawe kwa maji ya uvuguvugu, wakaushe vizuri, wapake mafuta kidogo na kuyafuta. Kisha nashika kidole na kukibingirisha kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine. "Mzee, kilegeze, niachie mimi." Anayekisukuma mwenyewe huiharibu kadi, tunaanza upya.

Karatasi za uhamiaji lazima niziulizie mapema, hata kama mtu anaona haya. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya utalii kwa mfano, sheria inamkataza hata kushika silaha, ila kwa visa vichache kama awe na leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi asisogee kabisa. Ataharibu maisha yake. Na kuna bangi: majimbo mengi yameiruhusu, lakini fomu ya serikali kuu bado inauliza kama unaitumia, na kudanganya pale ni kosa la jinai.

Jimbo kuruhusu kitu hakumkingi mtu na serikali kuu. Huko Kansas mwenye duka na mteja wake, askari mstaafu, waliamini sheria ya jimbo iliyosema viwambo vilivyotengenezwa na kubaki Kansas haviihusu serikali kuu. Wakatiwa hatiani mwaka 2016, na rufaa zao hazikuwaokoa. Texas ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2021, na hadi leo napata watu wanaonionyesha kwenye simu. Siwauzii. Upande mwingine, majimbo manane, yakiwemo California, New York na Illinois, yanamkataza raia wa kawaida kumiliki kiwambo kabisa. Anayehamia huko asikipakie kwenye gari.

Lakini linaloninyima usingizi ni la ndani ya nyumba. Kiwambo kilichoandikishwa kwa jina la baba ni cha baba peke yake. Akisafiri akamwachia mama ufunguo wa kabati, mama anaweza kuhesabiwa kuwa amekimiliki bila kuandikishwa. Njia halali ni kukiandikisha kwa hati ya amana, ambapo wanafamilia mnaowataka wanakuwa wadhamini, kila mmoja akitoa picha na alama zake za vidole. Mwenyewe akifariki, mrithi naye hujaza fomu, isiyo na kodi, kabla hakijahamia kwake.

Baba mmoja wa Uvira, dereva wa malori, alikuwa amenunua kwa jina lake tu, na kazi yake inamweka barabarani siku nyingi kuliko nyumbani. Kodi ilipofutwa akarudi kuhamisha kiwambo chake kiingie kwenye amana ya familia, safari hii akiwa na mkewe. Tulihangaika na dole gumba la mama mpaka likakubali. Alipomaliza kuweka saini chini ya ile ya mumewe akaniuliza, "Sasa ufunguo naweza kushika?"

"Bado, dada. Mpaka fomu irudi na idhini."