Mtoto kaamka na nusu kaputi, hamjui mama!

Akina mama na akina baba vijana, kuanzia Kirumba na Pasiansi hadi Buswelu, hii inawahusu. Mwanao anakwenda kufanyiwa operesheni ya ngiri au mafindofindo. Anapigwa nusu kaputi, analala kama malaika. Akiamka, balaa! Mayowe, mateke, anataka kung'oa dripu, na wewe mama yake mzazi hakujui.

Nimelishuhudia kwa mtoto wa jirani yangu hapa Kirumba, binti wa miaka 3. Mama yake alipomkumbatia, alimsukuma huku akiita "mama! mama!" macho yakiwa ukutani. Shangazi mtu akaanza kunong'ona kwamba mtoto kachezewa, atolewe wodini usiku huo huo, kuna mzee anayajua mambo hayo. Ikawa patashika, mpaka nesi akasimama mlangoni. Dakika 20 baadaye binti alikuwa anadai soda.

Kumbe madaktari wanalijua siku nyingi. Eckenhoff na wenzake wa Marekani waliliandika mwaka 1961. Wanaopatwa zaidi ni watoto wadogo, hasa wa miaka 2 hadi 5. Mwili unaamka, akili bado iko njiani. Gesi ya sevoflureni, ambayo humwamsha mtoto haraka, huleta vurugu hizi kuliko halotheni ya zamani. Ketamini nayo ina njozi zake za ajabu. Halafu mtoto aliyeingia thieta akilia kwa woga ana nafasi kubwa zaidi ya kuamka hivyo. Maumivu huchochea, ingawa hata asiye na maumivu hupatwa.

Mara nyingi huisha kwenyewe kwa dakika 5 hadi 15, wengine huchukua nusu saa au zaidi, na akitulia kwa kawaida hakumbuki kitu. Kulogwa hakumo! Ila wahudumu lazima kwanza wamwangalie pumzi, maana mtoto aliyepungukiwa oksijeni naye huhangaika vivyo hivyo.

Wewe mshike asianguke, ongea naye polepole, usimtikise, usimnyweshe maji.

Kinachoniudhi mimi ni ukimya. Mzazi anasainishwa karatasi, hili haambiwi. Basi kabla ya kusaini, muulize mtaalamu wa usingizi: mwanangu akiamka atakuwaje, na nitaruhusiwa kuwa pembeni yake? Shangazi mwenye mdomo abaki nyumbani kupika uji.