Kalori Zilizomo Katika Mvinyo: Namna ya Kusoma Chupa Kabla ya Kujaza Glasi

Mvinyo si kinywaji cha hoteli kubwa pekee tena. Unauzwa katika maduka ya jumla ya Kariakoo na katika grosari za Buguruni, kuanzia Malapa hadi Sheli, na huwekwa mezani katika sherehe za kumuaga binti, harusi na kipaimara. Pamoja na chupa hizo zimeenea imani kadhaa: kwamba mvinyo haunenepeshi kama bia, kwamba ule mtamu ni sawa na juisi, kwamba mwekundu huongeza damu, na kwamba ule mkavu, kwa kuwa hauna utamu, mgonjwa wa kisukari anaweza kuunywa bila hofu. Makala haya yanaeleza kilichomo ndani ya chupa, namna mkazi anavyoweza kukipiga hesabu mwenyewe, na kwa nini baadhi ya imani hizo ni za hatari.

Makala hayakusudii kumhimiza mtu yeyote kunywa. Wakazi wengi wa kata hii hawatumii kilevi kwa sababu ya imani zao za dini, na kwa upande wa afya hawapotezi chochote. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya. Kwa wale wanaotumia, hata hivyo, ni haki yao kujua wanachokitia mwilini.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nishati ambayo mwili hupata kutoka katika chakula na vinywaji. Kipimo kinachotumika katika lishe ni kilokalori. Gramu moja ya sukari au wanga hutoa kilokalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Gramu moja ya kilevi hutoa 7. Kwa hiyo kilevi, ambacho wengi hawakihesabu kabisa, kinakaribia mafuta kwa wingi wa nishati, ingawa hakimpatii mnywaji protini wala vitamini.

Mwanamke mtu mzima huhitaji wastani wa kilokalori 2,000 kwa siku na mwanamume takribani 2,500, kutegemea umri, umbo na kazi. Nishati inayozidi mahitaji hayo huhifadhiwa kama mafuta, mara nyingi tumboni. Zaidi ya hayo, mwili hauna ghala la kutunza kilevi, hivyo ini hulazimika kukishughulikia kwanza. Wakati huo mafuta ya chipsi na mishikaki iliyoliwa pamoja na kinywaji husubiri, na sehemu yake huwekwa akiba.

Sukari inavyogeuka kuwa kilevi

Mvinyo wa zabibu hutengenezwa kwa juisi ya zabibu na hamira. Hamira hula sukari ya tunda na kuigeuza kuwa kilevi na hewa ya ukaa. Mkoa wa Dodoma, ambao ndio kitovu cha zabibu nchini, huvuna mara mbili kwa mwaka, na jua lake kali huzipa zabibu sukari ya kutosha. Hamira ikila karibu sukari yote, hupatikana mvinyo mkavu. Mtengenezaji akiisimamisha kazi hiyo mapema, au akiongeza sukari baadaye, hupatikana mvinyo mtamu. Akiongeza pombe kali, hupatikana mvinyo mzito wenye kilevi cha asilimia 16 hadi 20.

Kwa makadirio, gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa kilevi cha asilimia moja. Gramu hizo 17 zilikuwa na kilokalori 68. Kilevi kilichozaliwa kina kilokalori 55. Ina maana kwamba sukari inapogeuka kuwa kilevi, utamu huondoka ulimini lakini sehemu kubwa ya nishati hubaki ndani ya chupa. Hii ndiyo sababu mvinyo mkavu si kinywaji kisicho na kalori.

Kanuni hiyo huhusu pia mvinyo wa ndizi na wa choya. Choya lenyewe lina sukari kidogo mno, kwa hiyo kilevi chake hutokana na sukari ya dukani anayoitia mtengenezaji. Mvinyo wa choya wenye kilevi cha asilimia 10 umehitaji takribani gramu 170 za sukari kwa kila lita. Rangi yake nzuri na sifa ya ua lenyewe haviufanyi kuwa dawa.

Hesabu ya chupa

Lebo nyingi za mvinyo unaouzwa nchini hazitaji kalori. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mvinyo uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 unapaswa kuonyesha kiwango cha nishati kwenye lebo yake. Mkazi wa Buguruni asiyeiona taarifa hiyo anaweza kuipata mwenyewe kwa kutumia mambo mawili yaliyoandikwa kwenye chupa, yaani ujazo na asilimia ya kilevi.

Kwa chupa ya kawaida ya mililita 750, kila asilimia moja ya kilevi hubeba takribani kilokalori 41. Hivyo asilimia iliyoandikwa huzidishwa kwa 41. Baada ya hapo huongezwa sukari: gramu za sukari zilizomo huzidishwa kwa 4. Lebo isipotaja sukari, neno lililoandikwa husaidia. Kwa viwango vya Ulaya, mvinyo wa kawaida unaoandikwa Dry huwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, ingawa wenye asidi nyingi huruhusiwa kufikia gramu 9. Ule wa Sweet huanzia gramu 45, na mara nyingi huzidi hapo. Kwa mvinyo wa mapovu, neno Brut humaanisha sukari isiyofikia gramu 12 kwa lita, na Demi-Sec humaanisha gramu 32 hadi 50.

Kwa kanuni hiyo, chupa moja ya mililita 750 huwa hivi:

Mvinyo mkavu wa asilimia 12, mwekundu au mweupe: takribani kilokalori 500.
Mvinyo mkavu wa asilimia 14: takribani 585.
Mvinyo wa mapovu wa Brut, asilimia 12: takribani 530.
Mvinyo wa utamu wa kati, asilimia 11, sukari gramu 30 kwa lita: takribani 540.
Mvinyo mtamu mwepesi, asilimia 8, sukari gramu 100 kwa lita: takribani 630.
Mvinyo mtamu ulioongezwa pombe kali, asilimia 18, sukari gramu 100 kwa lita: takribani 1,040.

Asidi na gliseroli zilizomo katika mvinyo huongeza kiasi kidogo juu ya hesabu hizo.

Orodha hiyo inaonyesha mambo matatu. Kwanza, rangi haina uzito katika kalori, kwani mwekundu na mweupe wenye asilimia moja na sukari sawa hulingana. Pili, chupa yenye kilevi kidogo inaweza kuipita ile yenye kilevi kingi, iwapo imejaa sukari. Tatu, mvinyo mtamu ulioongezwa pombe kali hubeba mara mbili ya ule mkavu wa asilimia 12.

Glasi ya kipimo na glasi ya sherehe

Chupa moja hutoa glasi tano za mililita 150. Kwa mvinyo mkavu wa asilimia 12, kila glasi hubeba takribani kilokalori 100, na kwa ule mzito mtamu takribani 208. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 hubeba takribani 200. Anayesema mvinyo haunenepeshi kama bia anasahau kwamba glasi mbili tu za mvinyo mkavu zinailingana bia hiyo.

Katika sherehe glasi hazipimwi. Glasi kubwa iliyojazwa karibu na ukingo inaweza kuchukua mililita 250, na mnywaji anayesema amekunywa "glasi tatu tu" amemaliza chupa nzima. Chupa nzima ya mvinyo mkavu inakaribia nishati ya gramu 400 za wali mweupe uliopikwa, yaani sahani iliyojaa, bila mboga. Anayeuchanganya na soda huongeza zaidi, kwani soda ya mililita 350 kwa kawaida huwa na gramu 35 hadi 40 za sukari.

Mtu anayekunywa glasi mbili za mililita 150 kila jioni, bila kupunguza chakula, hujiongezea zaidi ya kilokalori 6,000 kwa mwezi. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takribani 7,700. Uzito huongezeka hivyo taratibu, na pamoja nao shinikizo la damu na kisukari.

Tahadhari kwa mwenye kisukari

Mvinyo mkavu una sukari kidogo, lakini kwa mgonjwa wa kisukari hatari yake haimo katika sukari pekee. Ini ndilo hutoa sukari katika damu pale mtu anapokuwa na njaa. Likiwa linashughulikia kilevi, kazi hiyo hupungua. Kwa anayechoma insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi, hasa akinywa bila kula, na hali hiyo inaweza kutokea saa kadhaa baadaye akiwa amelala.

Dalili zake ni jasho, kutetemeka, kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba na kuchanganyikiwa. Hizo ndizo dalili ambazo majirani huziita ulevi, wakamwacha mhusika alale "pombe imtoke". Anayejulikana kuwa na kisukari asiachwe hivyo. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari au soda ya kawaida, kisha apelekwe kituo cha afya. Akiwa amepoteza fahamu, asitiwe chochote kinywani. Akimbizwe hospitali mara moja.

Mvinyo mwekundu hauongezi damu

Imani ya kumpa mvinyo mwekundu mjamzito au aliyejifungua ili "damu irudi" inapaswa kuachwa. Rangi nyekundu hutoka kwenye maganda ya zabibu, na madini ya chuma yaliyomo ni machache mno kutibu upungufu wa damu. Kwa mjamzito, kilevi hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni na kinaweza kumdhuru. Upungufu wa damu hupimwa na kutibiwa kliniki, ambako wajawazito hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki. Nyumbani, dagaa, maharage, mchicha na maini vina manufaa kuliko glasi yoyote.

Huduma zilizo karibu

Mkazi anayetaka kujua uzito wake, shinikizo la damu au kiwango cha sukari anaweza kufika Kituo cha Afya Buguruni au zahanati iliyo karibu naye. Wanaohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa, ikiwamo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana. Ushauri wa lishe hutolewa na maafisa lishe wa Halmashauri, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kumwelekeza mkazi mahali pa kuanzia. Anayetumia dawa yoyote amweleze mtoa huduma ukweli kuhusu matumizi yake ya kilevi, kwa kuwa kuficha kunaweza kuharibu matibabu.

Anayenunua mvinyo ahakikishe chupa ina lakiri isiyovunjwa, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania na stempu ya kodi ya kielektroniki. Mvinyo usio na lebo hauwezi kupigiwa hesabu, kwa sababu hakuna anayejua asilimia yake. Mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa kilevi cha aina yoyote, kiwe kikavu au kitamu, na kiwe kimeitwa mvinyo au juisi.