Waya wa Antena: Ujue Aina Zake, Ujikinge na Radi

Mfanyakazi mwenzetu, nawe mama wa nyumba, waya wa antena mnauona kila siku. Jina lake ni koaksiali. Una sehemu nne: uzi wa shaba katikati, plastiki inayouzunguka, wavu wa nyuzi za chuma, na ganda la nje. Wavu huzuia ishara isichafuliwe na mashine za jirani. Mwingereza Oliver Heaviside aliuandikishia hati ya uvumbuzi mwaka 1880.

Aina zake ni hizi:

1. Waya wa foni na redio za kazi (omu 50). RG-58 ni mwembamba, milimeta 5, na hufaa karibu. RG-213 ni mnene, milimeta 10. Hupoteza nguvu kidogo, hivyo hufaa mlingoti ulio mbali.

2. Waya wa televisheni (omu 75). RG-6 ndio wa sahani ya setilaiti. Usiufunge kwenye foni, maana sehemu ya nguvu itarudi nyuma.

3. Waya unaovuja. Hutumika katika migodi mikubwa ya chini ya ardhi. Wavu wake umeachwa matundu makusudi, ili redio isikike njia nzima. Anayeukata anawanyamazisha wenzake walio ndani.

Hakuna hata mmoja wa kupelekea umeme wa nyumba. Tena, watoto wasiuchome ili wapate shaba: moshi wa plastiki hudhuru mapafu.

Hatari kubwa kwetu Kashuga ni radi. Mwaka 2016, wataalamu waliohesabu radi kwa setilaiti waliitaja Sake, hapa hapa Masisi, kati ya mahali panapopigwa zaidi katika Afrika. Antena ikipigwa, waya huileta radi hadi mkononi mwako. Basi:

– Mlingoti na wavu wa waya viunganishwe na fito ya chuma iliyozikwa ardhini.
– Chomoa waya kabla mvua haijafika. Ngurumo ikianza, usiuguse tena, wala usiseme kwenye foni.

Mtu akipigwa, mguse bila hofu. Mwili wake haubaki na umeme. Anaweza kufa kama jamaa wanaogopa kumkaribia. Kama hapumui, mlaze chali, ubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka apumue au mganga afike.