MCA akisema "nimepeleka mswada", muulize umefika wapi

Uzi mfupi kwa sisi wa Eldoret.

MCA akirudi Langas au Huruma kutoa ripoti, utasikia: "Nimewasilisha mswada!" Watu wanapiga makofi. Mimi huuliza, umefika wapi?

Kusomwa mara ya kwanza ni kichwa tu kinasomwa. Hakuna mjadala. Kazi yenyewe iko kwa kamati. Ukiwa Mswada wa Fedha wa kaunti, ni hapo ada ya kibanda chako sokoni inaweza kupendekezwa ishushwe kabla haijawa sheria. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao vya kamati viwe wazi na wananchi washirikishwe. Si hisani ya mheshimiwa.

Halafu unasomwa mara ya pili, ya tatu, na gavana ana siku 14 kutia saini au kuurudisha na sababu zake.

Na ile ya "nimewajengea barabara"? MCA hupitisha bajeti na kukagua matumizi. Kujenga ni kazi ya serikali ya gavana, jamani.

Baraza lijalo muulizeni: uko kamati gani, na ripoti yenu ya mwisho ilisema nini?