Uso Ukijaa kwa Dawa: Usiache Steroidi Ghafla kwa Sababu ya Kioo

Kwetu Pwani, mtu akikwambia "mashallah, umenona" amekusifu. Kunona ni dalili ya raha na shibe, na mwanamke mwenye uso wa mviringo hufananishwa na mwezi wa kumi na nne. Ndiyo maana ni vigumu kumweleza shangazi yako kwamba uso huo anaoupenda umeletwa na dawa, na kwamba ndani ya buibui mikono na miguu imekonda huku tumbo likitangulia. Madaktari nao huuita uso wa mwezi, lakini kwao si sifa. Ni mojawapo ya alama za mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Nairobi, nauza mitumba ya kike katika Soko la Toi, kando ya Kibera upande wa Makina, karibu na Adams Arcade. Natumia prednisoloni mwaka wa sita sasa kwa ajili ya lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe. Nilianza na vidonge vinane vya miligramu 5 kwa siku. Leo nameza kimoja. Mbele ya meza yangu hupita wateja kutoka Kibera, Kawangware na kwingineko ambao nguo zao za mwaka jana haziwaingii tena, na tukizungumza nagundua baadhi yao wako kwenye dawa hiyo hiyo: huyu kwa figo, yule kwa pumu, mwingine kwa baridi yabisi. Swali lao ni moja: nikiacha vidonge, nitarudi nilivyokuwa? Jibu lake lina sehemu ya kufa na kupona, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Dawa hii hufanya nini

Kwanza tuondoe mkanganyo. Steroidi hizi si zile wanazotumia vijana wa kunyanyua vyuma ili kujenga misuli. Hizi zinafanana na kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kotisoli huusaidia mwili kuhimili maradhi na misukosuko, huongoza sukari na presha, na hutuliza uvimbe.

Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Lakini haukupita muda mrefu kabla madaktari hawajaona upande wa pili: wagonjwa walivimba uso, sukari ikapanda, mifupa ikadhoofika.

Sababu ni kwamba dozi ya matibabu huzidi kwa mbali kile ambacho mwili hujitengenezea. Mafuta huhamishwa kutoka mikononi na miguuni yakakusanywa usoni, tumboni na nyuma ya shingo, ambako huota kama nundu ndogo. Ngozi huwa nyembamba, ikiguswa kidogo inavilia damu, na michirizi myekundu hutokea tumboni na mapajani. Chunusi huja, vinyweleo huota kidevuni. Misuli ya mapaja hulegea, hata kuinuka kutoka kwenye sijda kukawa kazi. Juu ya hayo kuna njaa isiyoshiba, usingizi unaokimbia na hasira za karibu. Yasiyoonekana kwa macho ndiyo mazito zaidi: sukari, presha, mifupa, mtoto wa jicho, na kinga inayoshuka.

Si kila mtu hupatwa na yote. Dozi ikiwa kubwa na muda ukiwa mrefu, ndivyo yanavyozidi.

Kwa nini usiache ghafla

Ukimeza steroidi kila siku, tezi zako huona kazi inafanywa na mwingine, nazo hulala. Baada ya wiki tatu hivi au zaidi, huwezi kutegemea kwamba zitaamka siku utakayoacha. Huenda zikachukua wiki, miezi, au zaidi. Katika muda huo mwili hauna kotisoli ya kutosha, si ya kidonge wala ya kwake. Mtu hulegea, huhisi kizunguzungu, hutapika, presha na sukari hushuka, na akipata homa au ajali anaweza kuzimia na kufa.

Nilikuwa na mteja, binti aliyekuwa amechumbiwa. Arusi ya kwetu, nanyi mnaijua: siku ya bibi harusi kutolewa nje, macho yote huwa usoni mwake. Alitaka uso wake wa zamani kwa siku hiyo. Akaacha vidonge wiki mbili kabla bila kumwambia mtu. Siku ya tano alibebwa hospitali akitapika, hawezi kusimama. Alhamdulillahi alipona, na arusi ikafanyika miezi miwili baadaye, uso ukiwa bado umejaa, na mumewe hakumkataa.

Njia ya salama ni kupunguza kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Kuna wanaoweza kuongezewa dawa nyingine za kutuliza kinga ili steroidi ipungue. Hilo ni jambo la kuuliza wazi kliniki: "Je, dozi yangu inaweza kushuka? Kuna dawa ya kunisaidia ishuke?" Usijinunulie tu duka la dawa mwezi baada ya mwezi, kwa kuwa vidonge hivi ni rahisi na mwuzaji hakuulizi. Andika kwenye kikaratasi ndani ya mkoba kwamba unatumia steroidi na ni kiasi gani. Ukiwa na homa kali, ukitaka kufanyiwa upasuaji, au ukitapika vidonge, muone daktari siku hiyo hiyo, maana huenda ukahitaji dozi zaidi, si pungufu. Kikohozi kikizidi wiki mbili, kapimwe kifua kikuu; kinga ikishuka, kifua kikuu kilicholala huweza kuamka. Na Ramadhani ikikaribia, uliza mapema kama kidonge kinaweza kumezwa wakati wa daku. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Kitakachorudi na kisichorudi

Uso na nundu ya shingo, kwa watu wengi, hupungua dozi ikishuka. Wangu ulianza kuonyesha taya zake nilipofika vidonge viwili, na hata hivyo ilichukua miezi. Michirizi hufifia rangi, haifutiki kabisa. Misuli hurudi kwa mazoezi. Mifupa ndiyo ya kuilinda tangu mwanzo: maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani, na kutembea kila siku. Uliza pia kama unahitaji vidonge vya kalsiamu na vitamini D.

Njaa ya dawa haishindwi kwa ubishi. Inashindwa kwa kupanga. Dawa huamezwa asubuhi pamoja na chakula, kwa sababu ndio wakati ambao mwili wenyewe hutoa kotisoli nyingi, na usiku utalala afadhali. Mahamri na viazi karai visikae karibu ya mkono. Kiwepo kitu kingine cha kutafuna, tango au karoti. Achari na samaki wa chumvi vipunguze, kwani chumvi huzuia maji mwilini na kupandisha presha. Chai ya sukari nyingi nayo iage.

Mavazi ya mwili ulio nao leo

Hapa ndipo soko lina la kusema. Usikae miaka miwili ndani ya dera moja ukisubiri mwili wa zamani. Wala usitumie pesa nyingi, maana mwili utabadilika tena. Mitumba iliumbwa kwa hali kama hii.

Usifuate nambari iliyoshonwa kwenye nguo. Nambari 12 ya Uingereza ni karibu na 8 ya Marekani, na bale moja huchanganya zote. Njoo na utepe wa kupimia, pima kifua, tumbo na nyonga. Nunua kwa kipimo cha tumbo, kisha mpelekee fundi wa cherehani apunguze mabega na mikono, kwa sababu huko ndiko ulikokonda. Shingo yenye umbo la V huurefusha uso. Kola ya kubana huufanya uonekane mpana zaidi. Pamba laini ni bora kuliko kitambaa kinachokwaruza, na mpira wa kiunoni usiache alama kwenye ngozi. Viatu vijaribu alasiri, miguu ikiwa imejaa. Fua nguo za mitumba kwa sabuni, zianike juani na uzipige pasi kabla ya kuvaa.

Kwa sisi wavaaji wa buibui kuna jambo jingine: vazi huficha kila kitu isipokuwa uso, na uso ndio ulioguswa. Mtandio uliobanwa chini ya kidevu huusukuma mashavu mbele. Uache ulegee, ushuke pembeni, na badala ya pini inayochoma ngozi nyembamba tumia kibanio cha sumaku.

Nguo zako za zamani usiziuze zote. Weka mbili tatu ulizozipenda.

Ndimi za watu

Tumbo likitokeza, mawifi huuliza kama una mimba. Mikono ikikonda na shingo ikanenepa, jirani hunong'ona kwamba unatumia dawa za Ukimwi, kwa kuwa zamani stavudini, dawa mojawapo ya virusi hivyo, iliwahamisha watu mafuta kwa namna inayofanana na hii. Nimejifunza jibu fupi: "Ni dawa inayonitibu, namshukuru Mungu." Asiyetosheka na hilo hana haki ya kujua zaidi.

Kuna pia wanaoniuliza nimepata wapi dawa ya kunenepa. Huko Sudan na Kongo kumekuwa na wanawake wanaomeza deksamethasoni ili wajaze mwili, na krimu za kujichubua nyingi zina steroidi kali ndani. Wanaitafuta kwa hiari hatari ninayoibeba kwa lazima. Nawaambia wazi kwamba unono huu si nyama wala si afya.

Na wewe uliye na ndugu anayetumia dawa hizi, usimkague mwili akiingia mlangoni. Usimsifu kwa kunona wala usimhurumie kwa kuvimba. Muulize kama amekula, kama dawa zimebaki za kutosha, na kliniki ni lini. Na siku akikwambia amechoka navyo, amevitupa vidonge, usibishane naye juu ya uzuri. Mshike mkono mwende hospitali siku hiyo hiyo.