KITELEZI CHA MSUMENO WA MEZA: KIUNDWE AU KIACHWE?

Huenda mtu akashangaa kuona jarida la wakulima wa karafuu likizungumza habari za msumeno. Jibu letu ni fupi. Hapana mkulima asiyekuwa na haja na seremala. Ngazi, mlango wa ghala, sanduku na kitanda, vyote vyatoka mkononi mwake. Na seremala akipoteza vidole viwili, hasara hiyo haimkuti yeye peke yake; yawakuta na watoto wake, na kila mwenye kumtegemea.

Swali tulilo nalo leo latoka mbali, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako baadhi ya jamaa za wanachama wetu wanafanya kazi ya useremala. Wameagizwa mizinga ya nyuki, nao wanao msumeno wa meza. Wanauliza: je, yafaa kutoa siku mbili za kazi na kipande kikubwa cha plaiwudi ili kuunda kitelezi cha kukatia, au waendelee kama walivyozoea?

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Tarime ni nchi ya vilima iliyopakana na Kenya, na mji wa Sirari upo pale pale mpakani. Watu wake hulima kahawa, ndizi na mahindi, na huotesha migrivilea na mikaratusi, ambayo hutoa mbao. Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake ni Mugumu, imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Vijiji vilivyo ukingoni mwa hifadhi husumbuliwa na tembo, ambao wakiingia shambani usiku mmoja huweza kumaliza jasho la mwaka mzima. Katika nchi kama hiyo mzinga wa nyuki si wa asali tu. Mwaka 2007 Dakta Lucy King na wenzake, waliofanya uchunguzi wao nchini Kenya, walitangaza kuwa tembo huikimbia sauti ya nyuki waliokasirika. Baadaye mizinga ikatundikwa kwa waya kuzunguka mashamba, ikawa kama boma. Basi agizo la mizinga si jambo la kudharau.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mzinga wa viunzi vya juu uliobuniwa Kenya katika miaka ya 1970 hufunikwa kwa fito zilizopangwa bega kwa bega. Kila ufito una upana wa milimita 32, kwa sababu ndio upana uwafaao nyuki wetu wa Afrika katika kujenga masega yao. Ukizidi au ukipungua, nyuki hujenga sega kutoka ufito mmoja hadi wa pili, na mwenye mzinga hawezi kufungua bila kuvunja. Mzinga wenye urefu wa sentimita 90 ndani wataka fito 28. Kila ufito una ncha mbili za kukatwa, yaani mikato 56 kwa mzinga mmoja, na mikato 560 kwa mizinga kumi.

Kitelezi ni nini? Ni ubao bapa wa plaiwudi uliowekwa juu ya meza ya msumeno. Chini yake pana reli mbili za mbao ngumu zinazopita ndani ya mifereji ya meza, na juu yake pana ubao wa nyuma uliosimamishwa mraba na msumeno. Fundi hulaza ufito wake juu ya kitelezi, akauegemeza kwenye ubao wa nyuma, kisha akasukuma kitelezi chote. Mkono hushika mbali na meno, na mti hauwezi kupinda njiani. Akifunga kigingi upande mmoja, kila ufito hutoka sawa na mwenziwe bila kupimwa tena, mfano wa pishi, ambayo hupimia wa kwanza na wa mia kwa kadiri moja.

Ama hatari ya kukata bila kitelezi, nayo yajulikana. Seremala huegemeza kipande kifupi kwenye mwongozo wa pembeni, akakisukuma kwa vidole. Kipande hupinda kidogo, kikabanwa baina ya mwongozo na msumeno, na meno ya nyuma hukinyanyua na kukirusha kumwelekea fundi. Pengine mkono huvutwa pamoja nacho. Haya si mambo ya karakana maskini peke yake. Huko Marekani, penye mashine mpya na vifuniko vya kila namna, makadirio ya serikali ni kuwa zaidi ya watu 30,000 hutibiwa kila mwaka kwa majeraha ya msumeno wa meza.

Mtu atasema, basi jawabu limekwisha patikana, kiundwe. La, tusifanye haraka. Yapo mambo manne ya kuangalia.

Jambo la kwanza ni meza yenyewe. Misumeno mingi ya huku Afrika Mashariki imeundwa na mafundi wa kuchomelea: fremu ya vyuma, mota, mkanda, na bamba la chuma juu. Meza hizo aghalabu hazina mifereji. Pasipo mifereji kitelezi hakina njia, nacho kikienda upande ni hatari kuliko kukikosa. Fundi aweza kufanya reli moja inayokumbatia ukingo wa nje wa meza, lakini ukingo huo lazima uwe umenyooka na uwe sambamba na msumeno. Apime kutoka jino moja hadi ukingoni, mbele na nyuma, akilizungusha jino lile lile kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa na waya umechomolewa. Vipimo vikitofautiana, arekebishe meza kwanza.

Jambo la pili ni aina ya kazi. Kitelezi ni cha kukata mti kwa kukingama, si cha kupasua kwa urefu. Hapa ndipo wengi hukosea. Ule upana wa milimita 32 hupatikana kwa kupasua, na katika kazi hiyo kitelezi hiki hakisaidii kitu. Kupasua kwataka mwongozo ulionyooka, kisu cha nyuma kinachozuia mbao isibane msumeno, na kijiti cha kusukumia badala ya vidole. Fundi atakayeunda kitelezi na kusahau kijiti amefunga mlango akaacha dirisha wazi.

Jambo la tatu ni mbao. Mgrivilea mbichi hupinda ukikauka. Reli zikiundwa kwa mti mbichi zitakwama au zitalegea, na yote mawili ni mabaya. Zitumike mbao ngumu zilizokauka, zipakwe nta, ambayo mfuga nyuki hakosi.

Jambo la nne ni wingi wa kazi. Tuseme mkato mmoja kwa msumeno wa mkono, pamoja na kupima na kupiga mstari, huchukua dakika moja na nusu, na kwa kitelezi nusu dakika. Faida ni dakika moja kwa mkato, yaani dakika 56 kwa mzinga. Siku mbili za kuunda kitelezi ni saa 16, ambazo ni dakika 960. Kwa hivyo muda uliotumika hautarudi mpaka mzinga wa 18. Mwenye agizo la mizinga kumi, wala hatarajii jingine, hana haja ya kitelezi. Achukue msumeno wa mkono na kisanduku cha kuongozea, atamaliza salama. Mwenye agizo la mizinga thelathini, au mwenye kutengeneza viti na madirisha mwaka mzima, akiacha kuunda kitelezi anajidhulumu.

Atakayeunda akijaribu hivi. Atwae kipande cha plaiwudi chenye pande nne, akate upande mmoja, akizungushe upande uliokatwa uegemee ubao wa nyuma, akate wa pili, na hivyo hivyo hata pande nne ziishe. Mkato wa tano atoe ukanda mwembamba kwenye upande ule wa kwanza, kisha apime upana wa ukanda huo kwenye ncha zote mbili. Tofauti aigawanye kwa 4, maana kosa limejirudia mara nne. Mathalan ukanda una urefu wa milimita 400 na tofauti ni milimita 2: kosa la kitelezi ni nusu milimita katika urefu huo. Kwa ufito mwembamba hilo si kitu. Kwa ubao mpana wa ubavu wa mzinga litaonekana, na ubao wa nyuma wafaa kusogezwa kabla haujafungwa kabisa.

Basi jawabu letu kwa wenzetu wa Tarime na Serengeti ni hili. Ikiwa meza imenyooka, mbao zimekauka na kazi ni nyingi, kiundeni, wala msiihesabu plaiwudi kuwa imepotea. Ikiwa moja katika hayo halipo, msumeno wa mkono hauna aibu. Lakini kilicho haramu kwa pande zote mbili ni kusukuma kipande kifupi kwa vidole mbele ya meno yanayozunguka, eti kwa sababu agizo lataka kesho. Mzinga uliochelewa utapokewa wiki ijayo. Kidole kilichokatika hakina wiki ijayo. Wahenga wamekwisha sema, tahadhari kabla ya hatari. Nasi wa visiwani, tunaowaagiza maseremala ngazi na milango, tuwape muda wa kutosha na bei ya haki, ili nao wapate nafasi ya kufanya kazi kwa usalama.