Mafunzo ya Mabaharia: Cheti Kipimwe kwa Kazi

Usiku wa tarehe 7 Aprili, 1990, meli ya abiria Scandinavian Star iliwaka moto ikiwa njiani kutoka Oslo, Norway, kwenda Frederikshavn, Denmark. Watu 159 walipoteza maisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabaharia wengi walikuwa wageni katika meli hiyo, hawakuwa wamefanyishwa zoezi la moto humo, na baadhi yao hawakuweza kusemezana na abiria.

Mapatano ya mataifa juu ya mafunzo ya mabaharia yalikwisha fanywa London mwaka 1978. Kasoro yake ilikuwa kwamba kila serikali iliachiwa kujiamulia kama elimu yatosha. Basi vyeti vilivyofanana kwa maandishi vilificha ujuzi usiofanana hata kidogo.

Mwaka 1995 mapatano hayo yalitengenezwa upya. Tangu hapo haitoshi mwanafunzi kujibu maswali kwa kalamu. Hana budi kuonyesha kwa vitendo, mbele ya mtahini aliyehitimu, kwamba aweza kuzima moto na kushusha mashua ya kuokolea watu. Serikali nazo hupimwa, na wapimaji wasiwe wale wanaofundisha. Orodha ya kwanza ya nchi zilizotimiza masharti, iliyotolewa Desemba 2000, ilikuwa na nchi 71. Kenya iliingia mwaka 2010, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa kijana wa Mombasa atafutaye kazi katika meli za ng'ambo.

Lakini liko jambo ambalo darasa haliwezi kulitenda. Anayesomea uafisa wa sitaha hupaswa kutumika baharini muda usiopungua miezi 12, akiwa na kitabu cha kuandikia kila kazi aliyofundishwa. Asiye katika mafunzo ya namna hiyo hutakiwa miezi 36. Mitambo ya kuigizia bahari yafaa sana, hasa kwa kufundishia rada, ingawa hakuna bado aliyetapika kwa mawimbi yake. Nafasi melini ndiyo adimu. Katika nchi yenye meli chache, kijana huweza kumaliza masomo akabaki pwani akingoja, huku karo imekwisha lipwa.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuuza ng'ombe, yafaa aulize mambo mawili chuoni: ni wenye meli gani wamekubali kuwachukua wanafunzi, na wangapi kati ya wale wa mwaka uliopita wamekwisha panda chomboni?